Nyumba na Malezi: Ngazi Isiyo na Kilele

Mzazi aamkaye usiku wa manane na kumkuta kijana wake bado ameketi mbele ya kompyuta hana budi kuuliza swali moja: "Mchezo huu utakwisha lini, mwanangu?" Kijana naye hujibu bila kugeuza uso: "Nimebakiza ngazi moja tu, mama." Mama hurudi kulala akiamini kwamba kesho mambo yatakuwa yamekwisha. Usiku wa pili humkuta pale pale, na jibu ni lile lile. Mama hudhani kwamba amedanganywa, kumbe kijana alisema kweli. Ngazi ile moja ilipandwa ikaisha, na juu yake ikatokea nyingine.

Michezo inayozungumzwa hapa ni ile ichezwayo kwa njia ya intaneti na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Kila mchezaji hujichagulia mhusika wake, ama askari, ama mchawi, ama mganga, ama mwindaji. Humpa jina, kisha humlea. Mhusika huyo huanza katika ngazi ya kwanza akiwa dhaifu, hana silaha ya maana wala nguo ya maana. Kila auapo mnyama mkali au kutimiza agizo hupewa alama za uzoefu, na alama hizo zikitimia kiasi kilichowekwa, hupanda ngazi na nguvu zake huongezeka.

Wazazi wengi hukasirishwa na michezo hii pasipo kuielewa, na kijana akosolewaye na mtu asiyeelewa hujifunza kuficha tu. Yafaa basi yaelezwe mambo mawili ambayo ndiyo mhimili wa michezo yote ya namna hii: kwanza, mwendo wa kupanda ngazi, na pili, yale yamngojayo mchezaji akishafika juu. Yote mawili yamepangwa na watu, tena kwa hesabu.

HESABU YA NGAZI

Mfano ulio wazi ni mchezo uitwao RuneScape, ulioanzishwa nchini Uingereza mwaka 2001 na Andrew Gower pamoja na nduguye Paul. Katika mchezo huo kila ufundi, kama vile kukata miti, kuvua samaki au kufua chuma, ulikuwa na ngazi zake hadi 99. Anayetaka kutoka ngazi ya 1 kwenda ya 2 anahitaji alama 83. Gogo moja la mti wa kawaida humpatia mkataji alama 25. Kwa hiyo magogo manne yanatosha, na kazi hiyo huisha kabla chai haijapoa.

Lakini kila ngazi hudai zaidi ya ile iliyoitangulia, na kwa kila ngazi saba hivi mahitaji huwa maradufu. Kufikia ngazi ya 99 mchezaji lazima awe amekusanya alama 13,034,431. Kutoka ngazi ya 98 hadi ya 99 peke yake ni alama 1,228,825. Kama mkataji angeendelea na mti ule ule wa kawaida, angelazimika kukata magogo 49,153 kwa ajili ya ngazi hiyo moja. Bila shaka kufikia hapo amekwisha kupewa ruhusa ya kukata miti iliyo bora zaidi, yenye alama nyingi. Hata hivyo kazi ni ya siku nyingi mno.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo lipasalo kuangaliwa sana. Mchezaji afikapo ngazi ya 92 huona kwamba amebakiza ngazi saba tu, na moyo wake hufurahi. Alama za ngazi ya 92 ni 6,517,253. Mtu akikokotoa ataona kwamba hiyo ni nusu tu ya safari. Macho humwambia kwamba amekaribia kufika, hali miguu ingali katikati ya njia. Ndiyo maana kijana husema "nimebakiza kidogo" naye hasemi uongo. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudanganyika.

MWENDO WA ZAMANI NA MWENDO WA BAADAYE

Michezo ya mwanzo ilikuwa mikali. Mchezo wa EverQuest, uliotolewa Marekani mwezi Machi mwaka 1999, ulikuwa na ngazi 50. Mhusika akifa alipoteza sehemu ya uzoefu wake, na aliweza hata kushushwa ngazi. Tena mali zake zote zilibaki pale pale alipofia, naye alilazimika kurudi kuzichukua akiwa hana silaha. Ngazi fulani zilidai uzoefu mwingi ajabu kuliko jirani zake, hata wachezaji wakazipachika jina la ngazi za Jehanamu. Mchezo wa Final Fantasy XI, uliotolewa Japani mwaka 2002, nao ulikuwa wa namna hiyo. Mchezaji aliye peke yake hakuweza kwenda mbali. Alihitaji kikundi cha watu sita, na wengi walikaa saa nyingi wakingojea tu kikundi kitimie.

Mwezi Novemba mwaka 2004 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo wa World of Warcraft, wenye ngazi 60, ukabadili mambo. Aliyekufa hakupoteza uzoefu. Mchezaji aliongozwa kwa maagizo, moja baada ya jingine, na aliweza kupanda ngazi akiwa peke yake. Njia ilisawazishwa, na watu wakamiminika. Kufikia mwezi Oktoba mwaka 2010 waliokuwa wakilipa ada ya mchezo huo walitimia milioni 12 duniani kote, na ada yenyewe nchini Marekani ilikuwa dola 15 hivi kwa mwezi.

Katika matengenezo ya mchezo huo mna kisa kimoja chenye mafunzo kwa kila mlezi. Rob Pardo, aliyekuwa mbunifu wake mkuu, alieleza baadaye kwamba wakati wa majaribio walitaka kuwahimiza watu wapumzike. Wakaamua kwamba mtu achezaye muda mrefu apunguziwe alama za uzoefu. Wachezaji wakachukia mno, wakaona wanaadhibiwa. Ndipo waundaji walipogeuza maneno: alama zile zilizopunguzwa zikaitwa za kawaida, na zile za kwanza zikaitwa zawadi ya aliyepumzika. Malalamiko yakakoma, na watu wakasifu.

Hadi leo desturi hiyo ipo. Mhusika aachwaye katika nyumba ya wageni hujikusanyia mapumziko kidogo kidogo, na baada ya siku 10 hufikia kiwango cha juu kabisa, naye arudipo huvuna maradufu kwa kila adui amuuaye. Mzazi amwambiaye mwanawe "ukicheza sana nitakunyang'anya" na mzazi amwambiaye "ukipumzika leo, Jumamosi utacheza kwa nafasi" huenda wanakusudia jambo moja, lakini hawatapata jibu moja.

KILELENI KUNA NINI?

Mtu asiyejua atafikiri kwamba mhusika akifika ngazi ya mwisho mchezo umekwisha. Sivyo. Wazoefu husema kwamba hapo ndipo mchezo unapoanza. Kazi ya kuhesabu ngazi huisha, na kazi ya kutafuta mavazi na silaha bora huanza. Navyo havipatikani ila kwa kuyashinda majitu makubwa, ambayo mtu mmoja hawezi kuyakabili.

Katika miaka ya mwanzo ya World of Warcraft palikuwa na pango la moto liitwalo Molten Core. Kuingia humo kulihitaji jeshi la watu 40. Mlikuwa na majitu 10, na la mwisho liliitwa Ragnaros. Jitu likiuawa halikurudi mpaka wiki nyingine, na lilipoanguka liliacha vitu vichache tu. Watu 40 wamefanya kazi usiku kucha, na wawili au watatu ndio watakaoondoka na kitu mkononi. Waliobaki watarudi wiki ijayo, na wiki ya kufuata, na ya kufuata.

Hapa ndipo vyama vya wachezaji vilipozaliwa. Chama kina mwenyekiti wake, kina ratiba, kina daftari la mahudhurio. Tangu siku za EverQuest wachezaji walibuni utaratibu wa kumwandikia kila mtu alama kwa kuhudhuria kwake, ili kitu kizuri kipatikanapo apewe aliyevumilia zaidi. Mama achezaye upatu na wenzake ataufahamu utaratibu huu bila kufundishwa. Anajua pia aibu ya mtu aliyeahidi kuja asije. Kijana akatazwaye kuamka mezani saa tatu za usiku, na huku ndiye mganga wa kikosi, hakatazwi na mchezo tu. Anabanwa na watu 39 wanaomtegemea, na wengine wao amekuwa akizungumza nao kwa miaka.

Jambo hilo lina wema wake. Vijana wengi wamejifunza humo kufika kwa wakati, kusikiliza kiongozi, kugawana kwa haki na kuvumilia kushindwa mara ishirini ili kushinda mara moja. Lakini lina hatari yake, na hatari hiyo ilionekana waziwazi mwezi Agosti mwaka 2008. Katika Final Fantasy XI liliwekwa jitu liitwalo Pandemonium Warden, gumu kupita kiasi. Chama kimoja cha wachezaji hodari kilipigana nalo kwa zaidi ya saa 18 mfululizo. Wachezaji walianza kutapika na kuzimia, nalo jitu halijafa. Wakaamua kuacha. Habari ilipoenea, kampuni yenye mchezo ililegeza ugumu huo na kuweka mpaka wa saa mbili kwa pigano hilo.

Kinachoshangaza ni kwamba mchezo huo huo, kila ulipofunguliwa, ulimwonyesha mchezaji maandishi ya kumkumbusha asisahau jamaa zake, marafiki zake, masomo yake wala kazi yake. Onyo liliwekwa mlangoni, na jitu la saa 18 likawekwa chumbani.

KIBABA KINACHOKUA

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema habari ya kibaba kinachokua kila kikaribiapo kujaa. Mwezi Januari mwaka 2007 World of Warcraft ilitoa nyongeza yake ya kwanza, na ngazi ya mwisho ikasogezwa kutoka 60 hadi 70. Wachezaji waliokuwa wamekesha miezi mingi katika pango la moto waliingia nchi mpya, wakakuta kwamba maagizo ya mwanzo kabisa humo yalitoa mavazi yaliyoyapita mengi ya yale waliyoyatolea jasho. Tena vikosi vya watu 40 vilipunguzwa vikawa vya 25 na vya 10. Vyama vingi vikavunjika, maana kiongozi alipaswa kuwaambia watu 15 kwamba nafasi zao hazipo tena.

Mwaka 2008 kilele kikawa 80, mwaka 2010 kikawa 85, mwaka 2012 kikawa 90, mwaka 2014 kikawa 100, mwaka 2016 kikawa 110, na mwaka 2018 kikawa 120. Kufikia hapo ngazi zilikuwa nyingi mno hata kupanda moja hakukuwa na maana. Mwaka 2020 kampuni ikazikunja: aliyekuwa na ngazi 120 akaamka siku moja yumo katika ngazi ya 50, na kilele kipya kikawa 60, pale pale kilipoanzia mwaka 2004. Kufikia mwaka 2024 kilikuwa kimepanda tena hadi 80. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee. Katika michezo hii hushushwa ili apate kupanda upya.

Hata hivyo haifai kuwalaumu waundaji kwa kila jambo, kwani nao wamekamatwa na gurudumu lao wenyewe. Kazi waliyoitengeneza kwa mwaka mzima humalizwa na wachezaji kwa wiki chache. Nyongeza ya mwezi Novemba mwaka 2014 ilipotoka, waliokuwa wakilipa walipita milioni 10. Njia ya kupandia ngazi ilisifiwa, lakini kileleni hapakuwa na mambo ya kutosha. Kufikia mwisho wa mwezi Machi mwaka 2015 walikuwa wamebaki milioni 7.1, na mwisho wa Juni milioni 5.6. Pango la mwisho la nyongeza hiyo lilifunguliwa Juni 2015, na nyongeza nyingine haikuja mpaka mwishoni mwa Agosti 2016. Miezi 14 watu walipiga majitu yale yale. Mwishoni mwa mwaka 2015 kampuni iliacha kutangaza hesabu ya wanaolipa.

Kutokana na hofu ya ukame wa namna hiyo, waundaji wamebuni kazi za kila siku, zawadi za kila wiki, na mapango ambayo ugumu wake huongezwa daraja moja kila yashindwapo, pasipo mwisho. Kazi hizo si mbaya kwa zenyewe. Ila mzazi na ajue kwamba zimewekwa ili siku isipite bila mchezaji kurudi.

KUUZA NJIA YA MKATO

Mwaka huo wa 2014 lilitokea jambo jingine. Kampuni ilianza kuuza, kwa dola 60, ruhusa ya kumfikisha mhusika ngazi ya 90 mara moja bila kupanda. Mtu mwenye akili atajiuliza: ikiwa kupanda ni raha, kwa nini mtu alipe ili asipande? Na ikiwa ni taabu, kwa nini alipe ada kila mwezi ili apande? Kila mchezaji ana jibu lake. Wapo waliokwisha kupanda mara tano na wanataka kuwafikia wenzao kileleni. Lakini swali lenyewe linafaa kuulizwa mezani wakati wa chakula, bila ukali, maana kijana atakayelijibu kwa dhati atakuwa ameanza kupima mwenyewe thamani ya saa zake.

Kwa upande mwingine, wako watu wanaotamani mwendo wa polepole. Mwezi Agosti mwaka 2019 kampuni ilifungua upya mchezo ule wa zamani wa ngazi 60, na watu wengi wakaurudia, ingawa njia yake ni ndefu na yenye mawe. Ragnaros, ambaye mwaka 2005 hakuuawa mpaka miezi mitano baada ya mchezo kutoka, safari hii aliuawa katika wiki ya kwanza. Maarifa yalikuwa yamekwisha kuenea. Mwaka 2023 likaongezwa toleo ambalo mhusika akifa hafufuki kabisa, na bado wachezaji wakalipenda. Kumbe wengi hawatafuti kilele. Wanatafuta safari ambayo kila hatua yake ina uzito.

SERIKALI NA MADAKTARI

Mataifa mengine yamejaribu kuingilia kwa sheria. China, tangu mwaka 2007, iliagiza kwamba mtoto akizidisha saa tatu apunguziwe mapato ya mchezo kwa nusu, na akizidisha saa tano asipate chochote. Mwezi Septemba mwaka 2021 sheria ikawa kali zaidi: walio chini ya umri wa miaka 18 waruhusiwe saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu za usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea ya Kusini ilikuwa imewafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi tangu mwaka 2011, lakini sheria hiyo ilifutwa kuanzia Januari 2022, na uamuzi ukarudishwa kwa wazazi na watoto wenyewe.

Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza ulevi wa michezo katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa, na Shirika lenyewe lilisema kwamba waupatao ni wachache miongoni mwa wachezaji wote. Kijana akeshaye wiki mbili nyongeza mpya itokapo hajawa mgonjwa. Kijana aliyeacha shule, aliyeacha kuoga na kula na wenziwe, mwaka mzima, anahitaji msaada wa daktari kuliko fimbo.

YAFAAYO NYUMBANI

Kwanza, mzazi na aulize: "Umefika ngazi gani, na kilele ni ngazi gani?" Aliye njiani anaweza kusimama popote, kwa kuwa alama zake hazipotei, huyo aweza kuambiwa azime, naye atazima. Aliye kileleni pamoja na kikosi hawezi kusimama katikati bila kuwavunjia wenzake shughuli. Kumchomolea waya katika saa hiyo ni sawa na kumwita mchezaji wa mpira atoke uwanjani kabla ya kipenga. Heri kupatana mapema: usiku gani wa wiki, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kijana akitangazie chama chake mpaka huo. Chama chenye watu wenye busara kitaukubali. Kisichoukubali si chama cha kukaa.

Pili, kipimo kisiwe ngazi. Ahadi ya "nikimaliza ngazi hii" haina thamani, maana ngazi ya leo ni ndefu kuliko ya jana. Kipimo kiwe saa ya ukutani.

Tatu, mzazi asidharau kilichojengwa humo. Urafiki na uvumilivu hubaki. Mavazi na silaha hupitwa na nyongeza ijayo. Kijana akielewa tofauti hiyo, nusu ya kazi ya malezi imekwisha kufanyika.

Nne, ni vema kijana ajue kwamba kuacha kwa muda si kushindwa. Naoki Yoshida wa Japani, aongozaye mchezo wa Final Fantasy XIV, amewaambia wachezaji wake hadharani mara kadhaa kwamba si vibaya wakimaliza yaliyopo wakaacha kulipa, wakacheza michezo mingine au kufanya mambo mengine, kisha wakarudi jambo jipya litokapo. Ikiwa mwenye duka mwenyewe anamwambia mteja aende akapumzike, mteja ana sababu gani ya kukesha mlangoni?

Usiku ujao mama akisikia "nimebakiza ngazi moja tu", asiseme "mwongo wewe". Avute kiti, aketi kando yake, aulize ngazi hiyo ni ya ngapi na kileleni kuna nini. Kijana atashangaa, kisha ataeleza. Na katika kueleza, huenda yeye mwenyewe akaisikia hesabu kwa mara ya kwanza.